Mikoba ya Msimu Uliopita

Lori liliporudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa karakana, wanawake walidhani limeleta ngozi. Walijipanga mstari kama siku zote, mikono tayari, na Mama Pacha akaanza utani wake kwamba kwa uchovu alionao, leo ngozi ndiyo itakayombeba yeye. Lakini mlango wa nyuma ulipofunguliwa, iliporomoka mifuko myeupe ya kitambaa laini, ile ile waliyokuwa wakifungia mikoba kabla haijasafirishwa kwenda kwa wenye nazo.

Mshonaji aliyeitwa Mashine akaokota mfuko mmoja, akalegeza kamba, akachungulia. Ndani mlikuwa na mkoba wa rangi ya damu ya mzee, mpya kabisa, bado umejazwa karatasi tumboni usikunjike.

"Mjomba, hii si kazi yetu?"

"Ni kazi yenu."

"Mbona imerudi? Ina kasoro?"

"Ingekuwa na kasoro wangenirudishia zamani, tena na matusi juu. Haikununuliwa, basi. Msimu umepita."

Mashine halikuwa jina alilopewa na mamake. Alibandikwa jina hilo na Mjomba mwaka alioanza kazi, kwa jinsi alivyoshona bila kuinua kichwa, na Mjomba alipenda kulitamka mbele ya wageni kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake wa maziwa. Mjomba alikuwa mjomba wake wa damu, kaka wa mamake wa tumbo moja, ingawa pale karakanani kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa na ulimi wa asali. Ukiomba ruhusa ya kumuuguza mtoto, alikushika bega, akakuita mwanangu, akakuuliza habari za nyumbani, kisha akakunyima. Yeye alipewa kazi na kiwanda kikubwa cha mji mwingine, na kiwanda kilipewa kazi na kampuni ya ng'ambo, ambayo jina lake lilichorwa kwa dhahabu kwenye bamba dogo la kila mkoba. Wanawake wa pale wangeweza kulibandika bamba lile wamefumba macho. Duka linalouza mikoba hiyo hakuna aliyewahi kulitia machoni.

"Sasa itafanywa nini?" Mashine akauliza.

"Itakatwa."

Mjomba akapanda juu ya kreti, akasafisha koo. Kampuni, alisema, imeamua kuyalinda mazingira. Mikoba iliyobaki itakatwa vipande, na vipande vitatengenezwa vitu vipya, ili chochote kisitupwe. Mgeni kutoka kampuni atakuja na mpiga picha kushuhudia. "Dunia inaokolewa, wanangu," alisema huku akipanua mikono, "na inaokolewa hapa hapa kwetu!"

"Kama ile ya mwaka jana ilivyookolewa kwenye pipa?" Mama Pacha akauliza.

Wenzake wakaguna. Mikoba ya mwaka jana, iliyoshonwa karakana nyingine, ilikatwa, ikapigwa picha, halafu hakuna lori lililokuja kuchukua vipande. Mjomba aliviteketeza kwenye pipa nyuma ya ukuta. Ngozi yenye gundi na rangi haiungui kama kuni. Moshi wake ulikuwa mzito, mweusi, unanata. Nguo zilizoanikwa ziliingia masizi, na vitoto vya vyumba vya nyuma vilikohoa mpaka mama zao wakavihamisha.

Aliyeshindwa kuhama siku ile ni Dada.

Dada ndiye aliyemlea Mashine baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemwingiza karakanani. Yeye alifanya kazi chumba cha gundi. Chumba kile madirisha yake yalipigiliwa misumari, kwa sababu upepo huleta vumbi, na vumbi likitua kwenye gundi mbichi mkoba hauuziki. Mwanzoni ilikuwa kichwa kumgonga jioni. Akacheka, akasema amelewa bila kugusa pombe. Vikafuata vidole kuwasha. Kisha siku moja akafika nyumbani na kandambili mguu mmoja tu, hajui ya pili imemvuka wapi. Walicheka wote wawili. Hawakucheka alipoanza kuanguka.

Daktari wa zahanati aliuliza jambo moja tu, anafanya kazi gani, kisha akamkataza kuisogelea gundi tena. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Miguu ilikufa ganzi kuanzia nyayo hadi chini ya magoti. Mashine alipokwenda kumweleza Mjomba, alijibiwa kwa huruma kubwa.

"Ni miguu ya ukoo wetu, mwanangu. Hata bibi yenu alichechemea."

"Bibi aliangukiwa na gogo, Mjomba!"

"Ndiyo hivyo. Udhaifu ulikuwepo, gogo likaumalizia."

Kwa wema wake, kama alivyopenda kuukumbusha, akamwachia Dada aendelee kukaa kwenye chumba cha nyuma ya karakana, chumba ambacho Dada na Mashine walikuwa wakikilipia kodi miaka yote. Alisahau kutaja kwamba kodi iliendelea.

Basi wenzake walipotawanyika, Mashine alimfuata Mjomba ofisini, mkoba ule mkononi. Hakwenda kwa shari.

"Mjomba, naomba huu mmoja. Nimpelekee Dada. Ameibandika mikoba hii maisha yake yote, hajawahi hata kuning'iniza mmoja begani."

Mjomba akauchukua kwa vidole viwili, akaurudisha mezani.

"Haiwezekani."

"Si unakwenda kuchomwa?"

"Ndiyo, unakwenda kuchomwa. Sikiliza, wewe ni mwanangu, nikueleze bila kukuficha. Mkoba huu mke wa tajiri anaununua kwa sababu watu kama wewe na mimi hatuna. Siku akikuona wewe nao sokoni, umetia vitunguu ndani, atautaka tena? Kampuni iko radhi mkoba uwe majivu kuliko wewe uonekane nao. Si mimi ninayesema. Ni biashara."

Mashine alitoka. Alirudi kwenye cherehani yake, akakaa, na uzi ukamshinda kuutia tunduni. Majivu kuliko yeye! Alikuwa amezoea kuambiwa ana bahati kupata kazi, na hilo alilimeza. Aliambiwa maji ya rangi yanayotiririka mtaroni hayana madhara, akalimeza pia. Hili lilimkaba.

Asubuhi ya ugeni, karakana ilivaa sura ambayo wenyewe hawakuijua. Misumari ya madirisha iling'olewa. Maua kwenye vyungu yalikodishwa kwa mwuza miche na kupangwa kando ya mtaro, kuziba pale penye maji ya zambarau. Makopo ya gundi yalifichwa chini ya kitanda cha mlinzi. Kila mwanamke akapewa aproni nyeupe, glavu na barakoa, na Mjomba akapita akisisitiza, "Msizichafue, zinarudi dukani jioni."

"Hata mapafu turudishe?" Mama Pacha alinong'ona, na watu wakaangua kicheko nyuma ya barakoa.

Mgeni alikuwa mwanamama mrefu mwenye sauti ya chini, viatu vyake vya kitambaa, uso wake wa upole kweli. Alimpa kila mtu mkono. Lugha yake hawakuielewa hata neno, kwa hiyo Mjomba ndiye aliyekuwa ulimi wa wote. Mpiga picha akazunguka na kamera yake, akapiga maua, akapiga madirisha, akapiga vidole vya wanawake vikiwa juu ya ngozi.

Kisha kazi ikaanza. Mashine aliwekwa meza ya mbele, akapewa kisu cha ngozi. Mkoba wa kwanza aliukata kwa shida, maana mishono yake ilikuwa imara. Yeye mwenyewe alikuwa ameifanya iwe imara. Bitana ya hariri ilichanika kwa sauti nyembamba. Mgeni akatabasamu kwa masikitiko, akasema jambo.

"Anasema anaona jinsi mnavyoipenda kazi yenu," Mjomba akatafsiri.

Mashine akaweka kisu chini. Akavua barakoa.

"Mjomba, mwulize swali langu. Mwambie gundi ya mikoba yake imemlemaza dada yangu. Mwambie hivi vipande vitachomwa hapo nyuma jioni hii, na moshi utaingia chumbani kwake. Mwulize kama analijua hilo."

Jasho lilimtoka Mjomba puani. Akageuka kwa mgeni, akasema maneno mengi, laini, yenye kuviringana. Mgeni akasikiliza huku anatikisa kichwa kwa furaha. Halafu akaja, akaushika mkono wa Mashine kwa mikono yake yote miwili, akaubinya, macho yamemng'aa.

"Umemwambia nini?" Mashine akauliza.

"Nimemwambia ulivyosema."

"Nimesema dada yangu ni kilema, naye anafurahi? Umemwambia nini, Mjomba?"

"Nimesema unashukuru!" Mjomba alifoka chinichini, meno yamebana. "Na wewe shukuru! Unataka kututia njaa wote?"

Hapo damu ilimchemka Mashine, na aibu ikamtoka. Mkono wa mgeni ulikuwa bado mkononi mwake. Hakuuachia. Akamvuta. Wakapita katikati ya meza, mgeni akijikwaa na kushangaa, Mjomba nyuma akiita "Mwanangu! Mwanangu!", mpiga picha nyuma yake. Kwa mlinzi Mashine aliinama, akachomoa kopo moja la gundi chini ya kitanda, na wakatokea mlango wa nyuma, wakaingia chumba cha Dada.

Dada alikuwa amekaa kwenye godoro, ameegemea ukuta, anachambua maharage. Akamtazama mgeni juu hadi chini.

"Kuna nini? Nyumba inaungua?"

"Nimekuletea mwenye mikoba."

"Aaa. Karibu. Angeniarifu mapema, ningesimama."

Mashine akafungua kopo, akalipeleka hadi puani kwa mgeni. Mgeni akarudi nyuma, akikohoa. Mashine akalinyooshea kidole kopo, kisha miguu ya Dada. Mgeni akamtazama Mjomba. Mjomba akaanza kuviringa maneno yake. Mgeni akainua mkono, akamnyamazisha. Mashine akatoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye ukosi wa aproni, akamwangalia dada yake.

"Choma tu," Dada akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mashine akaingiza sindano kwenye unyayo, taratibu. Tone la damu likatoka, likateremka kisiginoni. Dada hakupepesa jicho. Vidole vyake vilitupa chembe mbovu kando, vikachukua nyingine.

Mgeni akapiga magoti sakafuni. Akaushika ule mguu, na machozi yakaanza kumdondoka juu yake.

"Mwambieni asinililie," Dada akasema. "Mimi sijafa. Namwona analia, lakini machozi yake siyahisi."

Mpiga picha alikuwa ameinua kamera. Mgeni alipoiona, akaisukuma chini kwa kiganja. Kamera iliyopiga kila jani la maua ya kukodi haikupiga miguu ile. Mgeni akasimama, akasema maneno machache, safari hii kwa Mjomba moja kwa moja, akaondoka mikoba mingi ikiwa haijakatwa.

"Amesemaje?" Mashine akauliza.

"Atalishughulikia," Mjomba akajibu, uso wake kama jivu.

Na kweli lilishughulikiwa. Siku chache tu baadaye, Mjomba aliwakusanya wote, akatoa simu yake mfukoni, akawasomea. Mara hii alitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza tamu wala chachu. Kampuni imesikitishwa na hali iliyoikuta. Kampuni inathamini utu na mazingira. Kwa hiyo kampuni imevunja uhusiano na karakana isiyofikia viwango vyake, na kazi itapelekwa kwingine.

"Na Dada?" Mashine akauliza. "Wamesema nini juu ya Dada?"

"Hakuna Dada humu. Nimewasomea yote."

Ikawa patashika. Jioni hiyo wanawake walikwenda kwa Mashine, na hawakwenda kumpa pole. Walijaa mlangoni, na Mama Pacha, aliyekuwa mcheshi wao, ndiye aliyeanza kufoka.

"Wewe na mdomo wako! Umemwonyesha, amelia, amekwenda zake. Wanangu wakilia njaa nitamwonyesha nani?"

"Sikujua watafanya hivi."

"Ungejuaje? Ulikuwa unamfikiria dada yako tu!"

"Dada yangu ndiye wa kwanza! Unadhani ni wa mwisho?" Mashine akasimama. "Wewe Mama Pacha, unakaa kiti chake. Vidole vinakuwasha, nimekuona unavisugua. Nikasirikieni, nastahili. Lakini kwa nini mimi peke yangu? Wametulisha sumu tukanyamaza, wakasifiwa. Tumesema, wametufukuza, wamesifiwa tena! Kwao kujisafisha ni kunawa mikono na kutumwagia sisi maji machafu. Na ninyi mmekuja hapa kunipigia kelele mimi?"

Ndani, Dada alikohoa.

"Ile mikoba imebaki wapi?" akauliza kutoka godoroni.

"Stoo," mtu akasema. "Mjomba anangoja lori lije kuikusanya."

"Wanaogopa nini kuliko vyote? Si mikoba hiyo kuonekana nanyi?"

Wakatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Pacha, kicheko kibaya, kisicho na raha ndani yake.

Kufuli la stoo lilikuwa kuukuu. Shoka la mlinzi lililikata mapema asubuhi, na mlinzi, ambaye naye alikuwa amefukuzwa, alishika mpini mwenyewe. Hawakuificha mikoba ile wala hawakuiuza. Kila mmoja alibeba mingi kadiri mabega yake yalivyoweza, akaigawa njia nzima. Saa ya soko kuchangamka, muuza mkaa alikuwa anapimia mkaa ndani ya ngozi iliyolainishwa kwa siku nyingi. Mwuza samaki alitia dagaa wake mle, bitana ya hariri ikalowa. Fundi wa baiskeli aliweka spana. Mkusanya taka alining'iniza miwili, mmoja kila bega, akatembea kwa maringo huku soko zima likimpigia vigelegele. Watu walipiga picha kwa simu, wakazituma, na bamba la dhahabu lilionekana vizuri sana.

Mashine alimpelekea Dada mmoja, ule wa rangi ya damu ya mzee. Dada aliupokea, akaugeuza, akaunusa. Papo hapo akautupa ukutani.

"Toa kitu hicho humu! Unanuka chumba kile. Mkoba wa nini? Niende nao wapi?"

Mashine akautoa nje. Aliuacha mtaroni, akabaki amesimama pale, amekunja ngumi, hajui amgonge nani.

Mjomba alikuja kabla jua halijapanda sana. Shati lilikuwa limemgandama. Hakumtazama Mashine, alimwendea Dada, kwa sababu alijua ni yeye wenzake wanayemsikiliza.

"Mwanangu, nimekwisha. Kiwanda kimepigiwa simu, na mimi nimepigiwa. Wameona picha. Wanataka mkoba kwa mkoba, la sivyo sitapata kazi popote. Waambie wenzako wairudishe. Mimi ni mjomba wako. Nilimzika mama yako."

"Ni kweli," Dada akasema. "Ulimzika vizuri."

"Basi nisaidie."

"Nitakusaidia. Nitazunguka mwenyewe sokoni niikusanye." Akanyoosha kidole pembeni. "Nivalishe viatu."

Mjomba akasita. Viatu vilikuwa pale, vya plastiki, vimeshika vumbi. Akapiga magoti. Mguu aliouinua ulikuwa mzito, baridi, hausaidii lolote, kama kitu cha mtu mwingine. Akausukuma ndani ya kiatu, ukakataa, akausukuma tena, na kidole gumba kikakunjika vibaya chini ya vingine. Dada hakustuka. Mjomba alikiona kidole kile. Akaangalia usoni kwa mpwa wake, akamkuta anamtazama tu.

"Umeshanivalisha?" Dada akauliza. "Mimi sijui. Niambie wewe."

Ulimi wa Mjomba, wote ule, ukamkauka. Aliuvua mguu kile kiatu, akakinyoosha kidole, akatoka nje bila kuaga.

Kama aliona aibu, haikumkaa sana. Mwaka haukuisha kabla hajafungua karakana nyingine upande wa pili wa mji, yenye geti refu na mlinzi mpya, akishona viatu kwa kampuni nyingine inayopenda mazingira. Wenzake Mashine walitawanyika, huyu kupika, huyu kuuza mitumba, na Mama Pacha alianza kuangusha vikombe. Mashine alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Siku za mapumziko huenda kusimama ng'ambo ya geti la Mjomba, na wasichana wanapotoka kula, huwaeleza gundi inafanya nini. Anasema kwa sauti kubwa, maana barabara ina kelele. Wengine husimama. Wengine humwita kichaa na kupita.

"Mama, utakamatwa," mlinzi humwambia.

"Waite," Mashine humjibu, na huendelea kusema.